Upara wa Wanaume: Tiba Zilizothibitika na Zile Zinazouzwa Tu

Upara wa wanaume ni hali ya kurithi ambayo nywele za panja, za juu ya paji la uso na za utosini hupungua hatua kwa hatua, pengine tangu ujana, ilhali zile za kisogoni na za juu ya masikio hubaki kama zilivyokuwa. Hauui wala hauumi, lakini umezaa biashara kubwa ya mafuta, tembe na ahadi, ambayo imefika hadi kwenye vibanda vya vinyozi na maduka ya dawa ya Nakuru, mji uliopewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021 na ambao huwavuta watu wa Molo, Njoro, Gilgil, Subukia na Baringo wanaotafuta kazi, elimu na matibabu. Katika bidhaa zote hizo, zilizothibitika kwa utafiti wa kutosha ni chache mno: ni dawa mbili, na kando yake upasuaji wa aina moja. Hata hivyo, uhaba wa tiba sio unaomponza mwanamume wa eneo hili. Kinachomponza ni kuanza kujitibu kabla ugonjwa wake haujatambuliwa, na kununua dawa ambayo hakuna aliyemwambia kwamba siku atakapoiacha atarudi alikokuwa.

Tiba hizo hazieleweki bila kuyajua maisha ya unywele mmoja. Kila unywele humea kutoka kwenye kinyweleo, ambacho ni kifuko kidogo kilichozama ndani ya ngozi, na kichwa cha mtu mzima kina vinyweleo vipatavyo 100,000. Kinyweleo hufanya kazi kwa zamu: hukuza unywele kwa muda wa miaka 2 hadi 6, husinyaa kwa wiki chache, kisha hupumzika kwa takriban miezi 3 kabla ya kuuangusha unywele wa zamani na kuanza mwingine, na ndiyo sababu kupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku si ugonjwa. Kwa mwanamume mwenye urithi wa upara, homoni ya kiume iitwayo testosteroni hugeuzwa na kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemikali mwilini, ikawa homoni kali zaidi iitwayo dihidrotestosteroni. Hiyo ndiyo inayoufupisha muda wa kukua na kukidhoofisha kinyweleo mzunguko baada ya mzunguko, hata mahali palipokuwa na unywele mnene pakabaki laika lisiloonekana kwa mbali. Kinyweleo chenyewe hakifi upesi. Huendelea kuwapo kwa miaka kadhaa kikiwa kimedumaa, na hapo ndipo penye matumaini yote ya dawa, kwa kuwa kilichodumaa kinaweza kuamshwa na kilichokwisha kutoweka hakiwezi.

Kwamba homoni za kiume zina mkono katika jambo hili si ugunduzi wa jana. Hippocrates, tabibu wa Ugiriki ya kale, alikuwa ameona kwamba matowashi hawaoti upara, ila ushahidi wa kisayansi ulingoja hadi mwaka 1942, James B. Hamilton, mtaalamu wa anatomia wa Marekani, alipochapisha uchunguzi wake kuhusu wanaume waliohasiwa. Waliohasiwa kabla ya kubalehe hawakuwa na upara hata kama ndugu zao walikuwa nao, lakini walipopewa testosteroni, wale waliotoka katika koo zenye upara walianza kupoteza nywele na wengine hawakupoteza. Kwa hiyo mambo mawili ni lazima yakutane: homoni, ambayo kila mwanamume anayo, na urithi, ambao si wa kila mtu. Dai la kwamba mwenye upara ana homoni nyingi kuliko wenzake, na kwa hiyo ana nguvu za kiume kuwapita, halina msingi, kwa kuwa kiasi cha testosteroni katika damu yake kwa kawaida ni kile kile cha mwenye nywele. Tofauti iko katika wepesi wa vinyweleo vyake kuiitikia.

Kuhusu urithi, wazee wengi husema upara hutoka kwa wajomba, na kauli hiyo ina ukweli nusu. Mojawapo ya vinasaba vyenye uzito mkubwa, kile kinachotengeneza kipokezi cha homoni za kiume, kimo katika kromosomu X, ambayo mtoto wa kiume huipata kwa mama yake pekee, na hivyo kumtazama mjomba au babu mzaa mama si upuuzi. Lakini vinasaba vinavyohusika ni vingi sana na vingine hurithiwa kwa baba. Isitoshe, tafiti kubwa zilizovibaini zilifanywa kwa Wazungu, na watafiti walipowachunguza wanaume wa Ghana, Nigeria, Senegali na Afrika Kusini waligundua kwamba alama za Ulaya hazitabiri vizuri nani ataota upara barani Afrika. Kipimo cha vinasaba kinachouzwa kwa madai ya kumwonyesha kijana wa Nakuru hatima ya kichwa chake, basi, ni pesa zilizotupwa.

Sehemu yenye manufaa makubwa zaidi kwa msomaji, na ambayo wauzaji huiruka, ni utambuzi. Si kila kichwa kinachopoteza nywele kina upara wa kurithi, na baadhi ya magonjwa yanayofanana nao hupona kabisa kwa dawa za bei ndogo. Punye, ambazo Wakenya wengi huziita mashilingi, ni ugonjwa wa kuvu unaoleta mabaka ya mviringo yenye magamba, na ingawa huwapata zaidi watoto, mtu mzima naye anaweza kuambukizwa, hasa pale ambapo mashine ya kunyolea hupita kichwa hadi kichwa bila kusafishwa. Kuvu hiyo huingia ndani ya unywele wenyewe, mahali ambapo krimu haifiki, na kwa hiyo hutibiwa kwa tembe, kama vile griseofulvini, kwa wiki 6 au zaidi. Mtu akipaka krimu ya kuchanganya yenye steroidi, dawa inayotuliza uvimbe na kudhoofisha ulinzi wa ngozi, wekundu hupungua na mwasho hutulia huku kuvu ikienea kimyakimya. Mabaka laini yasiyo na magamba, yanayotokea ghafla hata kwenye ndevu, huenda yakawa ni alopesia areata, hali ambayo kinga ya mwili huvishambulia vinyweleo vya mwili huo huo. Mabaka madogo mengi yaliyotawanyika kana kwamba nondo wamekula nywele yanaweza kuwa dalili ya kaswende katika hatua yake ya pili, na mwenye dalili hiyo anahitaji sindano ya penisilini, si mafuta ya kuoteshea nywele.

Kuna pia hasara inayoletwa na mtindo. Vijana wanaosuka rasta au misuko ya kubana huvuta nywele za pembeni mwa paji la uso mwezi baada ya mwezi, na zinapoanza kutoka hufikiri kwamba wameanza kuota panja kama baba zao. Msuko ukilegezwa mapema nywele hurudi, ukiachwa kwa miaka hubaki kovu. Kofia ngumu ya bodaboda, kwa upande mwingine, hulaumiwa bure, kwani upara wa kurithi hutokea ndani ya kinyweleo na hauletwi na kuvaa kofia. Kadhalika maji. Maji ya visima vingi vya Nakuru na Bonde la Ufa kwa jumla yana floridi nyingi itokanayo na miamba ya volkano, na madhara yake kwenye meno yanajulikana sana, kiasi kwamba Dayosisi ya Kanisa Katoliki ya Nakuru iliendesha kwa miaka mingi mradi wa kuichuja kwa mkaa wa mifupa. Meno ya kahawia ni kazi ya maji hayo. Upara wa utosini siyo.

Kwa sababu hizo zote, mahali pa kuanzia ni chumba cha uchunguzi. Mwanamume wa eneo hili anaweza kuanzia katika hospitali ya kaunti ndogo iliyo karibu naye na, ikibidi, akapewa rufaa hadi Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Kaunti ya Nakuru, ambayo wakazi wengi bado huiita PGH, kwa jina lake la zamani. Madaktari bingwa wa ngozi nchini Kenya ni wachache na wengi wao wako Nairobi, lakini pengo hilo limezibwa kwa sehemu na maafisa wa kliniki waliosomea magonjwa ya ngozi, katika utaratibu ambao Afrika Mashariki imeuzoea. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha Moshi, Tanzania, kilicho katika hospitali ya KCMC, kimekuwa kikiwaandaa wahudumu wa namna hiyo kutoka nchi nyingi za Afrika tangu mwaka 1992. Mtu aliyefunzwa hutambua upara wa kurithi kwa kuutazama tu mara nyingi, kwa kuwa una ramani yake, ambayo Hamilton aliichora mwaka 1951 na O'Tar Norwood akaiboresha mwaka 1975 ikawa na hatua 7, kuanzia panja dogo hadi utosi mzima kubaki wazi.

Dawa ya kwanza kati ya zile mbili ni minoksidili. Haikutengenezwa kwa ajili ya nywele, bali ilikuwa tembe ya kampuni ya Upjohn ya Marekani iliyoidhinishwa mwaka 1979 kwa wagonjwa wa shinikizo kubwa la damu, ambao baada ya muda walionekana wakiota nywele usoni na mikononi. Kampuni ikageuza usumbufu huo kuwa bidhaa, na mwaka 1988 maji ya kupaka kichwani yenye minoksidili asilimia 2 yakaidhinishwa nchini humo. Dawa hii haigusi homoni. Hurefusha kipindi cha kukua na kukifanya kinyweleo kilichodumaa kitoe unywele mnene zaidi, ingawa namna inavyofanya hivyo haijaelezwa yote. Katika jaribio moja la wiki 48, nguvu ya asilimia 5 iliotesha nywele kwa asilimia 45 zaidi ya ile ya asilimia 2, na ndiyo maana nguvu hiyo ndiyo inayopendekezwa zaidi kwa wanaume.

Matumizi yake yana masharti ambayo muuzaji mwenye haraka hayasemi. Mililita 1 hupakwa kwenye ngozi ya kichwa kikavu, si kwenye nywele, mara 2 kwa siku, na kichwa hakioshwi kwa saa kama 4 baadaye. Katika wiki za mwanzo nywele huanguka zaidi kuliko kabla, kwa kuwa zile zilizokuwa zimepumzika husukumwa nje na mpya, na watu wengi hukata tamaa hapo hapo na kuitupa chupa ikiwa ndiyo kwanza imeanza kazi. Matokeo hayapimwi kabla ya miezi 4, na ni busara kungoja mwaka. Baadhi ya watu hawapati lolote, hata wakipaka kwa uaminifu, kwa sababu dawa hii ni lazima ibadilishwe kwanza na kimeng'enya fulani cha ngozi, na kiasi cha kimeng'enya hicho hutofautiana kati ya mtu na mtu. Anayewashwa na kutoka magamba huenda anasumbuliwa na kiyeyushi kilichomo ndani ya maji hayo, wala si dawa yenyewe, na povu lisilo na kiyeyushi hicho humfaa zaidi. Jambo moja lisilotajwa mara nyingi ni kwamba minoksidili ni sumu kali kwa paka, na mwenye paka anayelala kwenye mto wake hana budi kuchagua.

Sharti zito kuliko yote ni kwamba dawa hii haimalizwi. Mtu akiiacha, ndani ya miezi michache nywele ilizozihifadhi huanguka na kichwa hufikia pale ambapo kingekuwa kama isingetumiwa kabisa. Anayekusudia kuitumia anapaswa kupiga hesabu ya chupa za miaka kumi, na kama mapato yake ni ya vibarua vya msimu katika mashamba ya maua ya Naivasha, hesabu hiyo ifanywe kabla ya chupa ya kwanza. Dawa hiyo hiyo siku hizi hutafutwa na vijana wanaotaka ndevu, matumizi ambayo watengenezaji hawakuyaombea idhini, na mahitaji hayo yamechochea bidhaa za magendo. Bodi ya Dawa na Sumu ndiyo inayosajili dawa nchini Kenya, na chupa isiyo na usajili, isiyo na tarehe ya kuharibika au inayouzwa juani kando ya stendi ya matatu haina sababu ya kuaminiwa.

Dawa ya pili, finasteridi, ina asili ya ajabu zaidi. Mwaka 1974 Julianne Imperato-McGinley na wenzake walichapisha habari za ukoo mmoja katika Jamhuri ya Dominika ambao baadhi ya watoto wake wa kiume walizaliwa na viungo vinavyofanana na vya kike, kisha wakabadilika walipobalehe. Watoto hao walikosa kimeng'enya kinachotengeneza dihidrotestosteroni, na walipokua tezi dume zao zilibaki ndogo na hawakuota upara. Kampuni ya Merck ikatafuta dawa ya kukizuia kimeng'enya hicho, ikaipata, na mwaka 1992 finasteridi ya miligramu 5 ikaidhinishwa Marekani kwa ajili ya tezi dume iliyovimba. Mwaka 1997 tembe ya miligramu 1 ikaidhinishwa kwa upara. Katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 1998 na kuhusisha wanaume 1,553, baada ya miaka 2 asilimia 83 ya waliomeza dawa hawakuwa wamepoteza nywele zaidi kwa hesabu, ukilinganisha na asilimia 28 ya waliomeza tembe zisizo na dawa. Ni matokeo mazuri, ila wengi wa wanaume hao walikuwa Wazungu, na anayeyanukuu mbele ya Mwafrika anapaswa kulisema hilo.

Madhara yake yanazungumzwa sana, mara nyingine kupita kiasi na mara nyingine pungufu. Wanaume wachache, ambao katika majaribio hayo walikuwa chini ya 1 katika kila 20, hupungukiwa na hamu ya tendo la ndoa au hupata shida ya kusimamisha. Kwa wengi hali hiyo hukoma dawa ikiachwa, ingawa wapo wanaoripoti kwamba iliendelea. Mwaka 2025 wakala wa dawa wa Umoja wa Ulaya ulithibitisha kwamba mawazo ya kujiua ni miongoni mwa madhara ya tembe hizi, na kwa hiyo mtu aliyewahi kuugua sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha, asianze kuzimeza bila kumweleza daktari. Wala haifai kumficha mke jambo hili, kwa sababu mjamzito hapaswi kugusa tembe iliyovunjika au kusagika, ambayo inaweza kudhuru viungo vya uzazi vya mtoto wa kiume aliye tumboni. Onyo hilo lina uzito wa pekee pale ambapo mtu hununua tembe ya miligramu 5 ya tezi dume na kuikata vipande vinne mezani kwa wembe ili kuokoa pesa.

Lipo jambo jingine la kitabibu linalohitaji kuandikwa kwa herufi kubwa katika nchi ambamo saratani ya tezi dume ndiyo inayoongoza miongoni mwa saratani za wanaume. Finasteridi hushusha kwa takriban nusu kiwango cha protini iitwayo PSA, ambayo hupimwa katika damu ili kubaini dalili za saratani hiyo. Mwanamume wa miaka 50 anayepimwa bila kumwambia daktari kwamba anameza dawa ya nywele anaweza kurudishwa nyumbani akiwa na jibu linaloonekana salama ilhali si salama.

Katika Bonde la Ufa dawa hii ina upande wa michezo pia. Kuanzia mwaka 2005 finasteridi ilikuwa katika orodha ya dawa zilizopigwa marufuku na shirika la kimataifa linalopambana na dawa za kututumua misuli, WADA, kwa kuwa ilidhaniwa kwamba huficha testosteroni katika mkojo, na Mmarekani Zach Lund, bingwa wa kuteleza kwenye barafu kwa kitoroli, alizuiwa kushiriki Olimpiki ya majira ya baridi ya Turin mwaka 2006 kwa sababu ya tembe za upara. Iliondolewa katika orodha hiyo mwanzoni mwa mwaka 2009. Mkimbiaji anayefanya mazoezi Nyahururu au Iten hana tena hofu hiyo, lakini spironolaktoni, ambayo baadhi ya madaktari huwapa wanawake wanaopoteza nywele, ingali marufuku, na mwanariadha wa kike anayetafuta tiba hana budi kuuliza kwanza. Testosteroni yenyewe, ambayo wengine hujidunga ili kupata misuli kwenye majumba ya mazoezi, huharakisha upara kwa mwenye urithi wake, na katika hilo mtu hulipia hasara yake mwenyewe.

Nje ya dawa hizo mbili, dutasteridi, jamaa ya finasteridi yenye nguvu zaidi, iliidhinishwa kwa upara Korea Kusini mwaka 2009 na Japani mwaka 2015, lakini si Marekani. Minoksidili ya kumeza kwa kipimo kidogo inatumiwa na madaktari wengi duniani bila idhini rasmi kwa kazi hiyo; inaweza kuvimbisha miguu na kuharakisha mapigo ya moyo, na mtu ambaye tayari anameza dawa za presha asiiguse bila daktari wake. Taa za leza na sindano za plazima, sehemu ya majimaji ya damu ya mgonjwa mwenyewe iliyojaa chembe za kugandisha damu, zina ushahidi wa wastani na bei isiyo ya wastani.

Upasuaji unastahili maelezo marefu zaidi, kwa kuwa ndiyo tiba pekee inayoweza kurudisha nywele mahali palipo wazi kabisa, na kwa kuwa kichwa cha Mwafrika kina ugumu wake. Msingi wake uliwekwa na Norman Orentreich wa New York, aliyeonyesha mwaka 1959 kwamba kinyweleo kilichohamishwa kutoka kisogoni huendelea na tabia ya kisogoni, yaani hakiitikii dihidrotestosteroni hata kikipandwa utosini. Leo daktari ama hukata ukanda mwembamba wa ngozi ya kisogo na kuugawa vipande vidogo vidogo, ama hung'oa vinyweleo kimoja kimoja kwa kijisindano cha mviringo, kisha huvipanda 2,000 au 3,000 kwa siku moja. Nywele zilizopandwa huanguka baada ya wiki chache, huanza kumea upya baada ya miezi, na sura kamili huonekana karibu mwaka mmoja baadaye. Nywele za asili zilizobaki huendelea kupungua, na kwa hiyo dawa huendelea vile vile, jambo ambalo picha za matangazo hazilionyeshi.

Nywele za kipilipili hujipinda si juu ya ngozi tu bali hata chini yake, na sindano iliyonyooka inayoingizwa na mkono usio na uzoefu huikata mizizi badala ya kuing'oa. Vinyweleo vilivyokatwa ni hasara isiyofidika, kwa kuwa kisogo hakina akiba isiyokwisha. Pia ngozi nyeusi ina mwelekeo mkubwa zaidi wa kufanya keloidi, makovu yanayovimba na kupita mipaka ya jeraha, na mtu ambaye kovu lake la chanjo ya kifua kikuu au jeraha la utotoni lilivimba namna hiyo anapaswa kulitaja kabla ya kulipa chochote. Wanaume wengi wana vipele sugu kisogoni vinavyochochewa na kunyolewa karibu mno na ngozi, ambavyo baadaye huwa vinundu vigumu, na mahali hapo hapafai tena kuvunwa nywele. Gharama ni laki kadhaa za shilingi. Huduma hiyo hupatikana Nairobi, na wengine huvutwa na bei za Istanbul, Uturuki, mji uliojipatia umaarufu duniani kwa kazi hiyo. Swali la kwanza kwa daktari yeyote, wa karibu au wa mbali, liwe ni vichwa vingapi vya nywele za kipilipili amekwisha kuvipanda, na aombwe picha zake mwenyewe. Kwa upande wa Kenya, jina la daktari huhakikishwa katika sajili ya baraza la madaktari na madaktari wa meno, KMPDC, na anayekasirika kuulizwa hilo hastahili kisogo cha mtu.

Mafuta ni mlango ambao pesa nyingi hutokea. Mafuta ya nyonyo, ya nazi na ya parachichi hulainisha nywele na kuzuia zisikatike, kazi ambayo ni njema kwa mwenye nywele, lakini hakuna hata moja lililothibitika kuzuia dihidrotestosteroni. Hali ni hiyo hiyo kwa shubiri, mmea unaostawi katika maeneo makavu ya Baringo na ambao hutiwa katika shampuu nyingi. Juisi ya kitunguu hunuka tu. Tembe za biotini, vitamini inayouzwa kama chakula cha nywele, humsaidia aliyepungukiwa nayo, naye ni nadra kupatikana. Kwa wengine wote zina hatari ya kuvuruga vipimo vya maabara, vikiwemo vya tezi ya shingo na vya mshtuko wa moyo, onyo ambalo mamlaka ya dawa ya Marekani ililitoa mwaka 2017. Ile rangi nyeusi ambayo kinyozi huipaka kwenye mstari wa paji ili kuziba panja ni udanganyifu halali wa wiki moja, ila nyingi ya rangi hizo zina kemikali ya PPD, ambayo humvimbisha uso mwenye mzio nayo, na ni vizuri ijaribiwe nyuma ya sikio siku mbili kabla.

Lipo pia chaguo la kunyoa, na haifai kulihesabu kama kushindwa. Katika Bonde la Ufa kichwa kilichonyolewa hakijawahi kuwa aibu: kwa Wamaasai, moran, yaani kijana mpiganaji, hufuga nywele ndefu zilizopakwa udongo mwekundu, na katika sherehe ya eunoto mama yake huzinyoa ili aingie katika daraja la wakubwa. Utani wa mitaani unaounganisha upara na mali nao hauna ubaya ukibaki kuwa utani. Ulipochukuliwa kuwa kweli, kama ilivyotokea Msumbiji mwaka 2017, polisi walilazimika kuonya baada ya wanaume wenye upara kuuawa kwa imani kwamba vichwa vyao vina dhahabu. Kwa mwanamume aliyevuka hatua ya 5 ya Norwood, ambaye hana laki za upasuaji wala hamu ya kupaka dawa asubuhi na jioni hadi uzeeni, mashine safi ya kinyozi ni uamuzi wa busara kuliko chupa nyingine ya mafuta.

Atakayenyoa ahakikishe kwamba meno ya mashine yamesafishwa kwa dawa ya kuua vijidudu mbele ya macho yake, na kwamba hanyolewi hadi kwenye ngozi ya kisogo ikiwa vipele vimeanza. Kisha anunue kofia yenye ukingo mpana. Nakuru iko karibu na ikweta, kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,850, na miale ya jua inayodhuru ngozi huongezeka kwa takriban asilimia 10 katika kila mita 1,000 za kupanda.